Talaka Imetoka, Deni la TRA Limebaki

Mliofungua maduka Kahama saa hizi, mlioko stendi ya Katoro mkisubiri gari la Geita lijae, mlioko Mwakitolyo ambao usiku makarasha hayakuwaacha mlale, karibuni.

Leo nina jambo ambalo huku kwetu halizungumzwi barazani. Mtu akiachana na mwenzake atakueleza habari yote, atakuhesabia hata ng'ombe wa mahari, wangapi wamerudi na wangapi wamebaki kwa ajili ya watoto. Deni la kodi halitaji. Mume anamficha mke, mke anamficha msaidizi wa kisheria aliyejitolea kumsaidia, na hakimu anagawa mali bila kujua kwamba nyuma ya ile gesti ya Katoro kuna barua ya Mamlaka ya Mapato ambayo hakuna aliyeifungua.

Swali lenyewe, ukilivua aibu yake, liko hivi: tumeachana na mzee, mahakama imenipa nyumba ya Nyankumbu, yeye kachukua lori na mashine. Sasa limeletwa deni la miaka ile tuliyokuwa pamoja. Je, nami nadaiwa? Na kama sidaiwi, au kama nadhani mwenzangu ndiye anayestahili kulibeba, nina siku ngapi za kulisema hilo?

Jibu fupi ni kwamba TRA wanamfuata mwenye TIN. Jibu refu litachukua muda wetu wote uliobaki, kwa sababu sheria ya ndoa na sheria ya kodi hazikutungwa zikiwa zinatazamana, na kila moja ina kalenda yake.

Tuanze na TIN. Tanzania mume na mke hawajazi ritani moja. Kila mtu anasajiliwa kwa jina lake, anakadiriwa kwa jina lake na anadaiwa kwa jina lake. Haikuwa hivyo pote katika Afrika Mashariki. Majirani zetu wa Kenya, katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1973, waliandika waziwazi kwamba kipato cha mke anayeishi na mumewe kihesabiwe kuwa kipato cha mume. Kwetu leo, kuwa mke wa mdaiwa hakukufanyi mdaiwa. Mama ukisikia mtu mtaani anasema "mume na mke ni mwili mmoja, kwa hiyo lipa", mwambie hilo ni neno la kanisani, si la ofisi ya kodi.

Sasa kama sheria iko wazi hivyo, mbona wanawake wa ukanda huu wanaishia kulipa? Kwa sababu jina lililoandikwa kwenye TIN mara nyingi si la mtu aliyeshika fedha.

Tuseme kuna mama wa Katoro. Mumewe ana maduara mawili Nyarugusu, ndani ya leseni ya mtu mwingine, wanagawana mifuko. Duara likitoa, mawe yanakwenda karasha, yanakwenda mwaloni, dhahabu inachomwa, na kama mzee ni muungwana anaipeleka soko la Geita, lile lililofunguliwa Machi 2019 likiwa la kwanza nchini. Hapo sokoni mrabaha ulizoeleka kuwa asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1, na halmashauri ina ushuru wake wa huduma. Mwaka huohuo wa 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo ile VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, mambo yaliyokuwa yakiwafanya watu wauze gizani. Kwa hiyo kwenye dhahabu yenyewe mchimbaji mdogo anakatwa palepale, anaondoka. Deni kubwa halizaliwi hapo.

Linazaliwa kwenye kile kilichojengwa na dhahabu. Yule bwana anafungua duka la vifaa vya ujenzi: saruji, mabati, nondo, misumari. TIN yake mwenyewe ina deni la zamani, hawezi kupata leseni ya biashara bila kulipa. Anafanya nini? Anamwambia mkewe, "Mama watoto, nenda kachukue TIN." Mama anakwenda na kitambulisho chake cha NIDA, anarudi na karatasi. Mashine ya EFD inasajiliwa kwa jina lake na kuwekwa mezani. Yeye anakaa dukani asubuhi, anauza misumari na vitasa, anatoa risiti. Mzigo mkubwa haumpitii. Mume anaagiza saruji Mwanza, lori linashushia moja kwa moja kwa mkandarasi, fedha inaingia kwenye simu ya mume, mkandarasi hapewi risiti.

Miaka inapita. Ndoa inavunjika. Bwana anahamisha bidhaa zilizobaki kwenda Runzewe, anafungua duka lingine na mwenzake mpya. Mama anabaki na nyumba na watoto. Hakuna aliyekwenda kuifunga ile biashara TRA. Ritani hazipelekwi, adhabu za kuchelewa zinajiandika zenyewe kila mwezi, riba inapanda juu ya riba. Halafu siku moja ofisa anakaa na kompyuta yake, anakuta muuzaji wa jumla wa Mwanza alitoa risiti za saruji kwa TIN ya mama huyu, tani kwa tani, wakati ritani za mama zinaonyesha misumari na vitasa. Anaandaa makadirio. Barua inakwenda kwa mwenye TIN.

Kwa macho ya TRA, mama huyu ndiye mdaiwa. Hakuna ujanja hapo. Kusema "nilikuwa naitumikia ndoa" si utetezi ulioandikwa popote katika Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015.

Mfano wa pili ni kinyume chake: deni ni la mume, kwa TIN yake, lakini mali aliyoandikisha kwa jina lake mmeichuma wote. TRA wana mamlaka ya kuziwekea alama mali za mdaiwa, kuzikamata, hata kuiamuru benki iwalipe wao fedha iliyo kwenye akaunti yake. Ofisa anayekwenda kukamata haulizi ni nani alipika chakula cha mafundi waliojenga ile gesti. Anaangalia jina kwenye hati. Sheria ya Ndoa inampa mke maslahi katika nyumba ya ndoa, na inamruhusu kuweka zuio kwa msajili wa hati ili nyumba isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa yake. Zuio hilo linafaa mtu mwenye hati. Nyumba nyingi za Katoro na Kakola hazina hati, zina karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa. Mama, karatasi hiyo usiiache kwenye begi la mzee.

Kuna na mlango wa tatu, nitaupita haraka. Siku hizi wachimbaji wanasajili kampuni, na mke anaandikwa mkurugenzi ili idadi itimie. Sheria inaruhusu TRA kumgeukia msimamizi wa kampuni kwa kodi ambayo kampuni haikulipa. Inampa nafasi ya kujitetea kwamba hakujua wala hakuridhia na kwamba alichukua tahadhari ambayo mtu makini angechukua. Lakini tahadhari ya mtu ambaye hajawahi kuona kitabu cha hesabu cha kampuni yake ni ngumu kuithibitisha. Ukiachika, jina lako litolewe na BRELA, na lisipotoka usilale.

Turudi kwenye ndoa yenyewe. Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa nguvu za pamoja, wakati wa kutoa talaka au baada ya kuitoa. Kila mtu mjini anakijua kifungu hicho kwa sababu ya Bi Hawa Mohamed, aliyemshitaki Ally Sefu, na Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Wanaharakati wanamtaja Bi Hawa kila semina. Wanachosahau kukitaja ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu. Mahakama iliona kwamba alikwisha kupewa fedha na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia na akazitumia vibaya, basi sehemu yake ikahesabiwa imekwisha kuliwa. Maana yake mahakama ikigawa haitazami mali peke yake. Inatazama na kilichotoka.

Na ndani ya kifungu hichohicho cha 114, baada ya kutaja mila za jamii na kabla ya kutaja mahitaji ya watoto, kuna maneno ambayo nadra sana kuyasikia kwenye mashauri ya huku kwetu. Mahakama inatakiwa izingatie madeni ambayo mmoja wa wanandoa anadaiwa, yaliyoingiwa kwa manufaa ya wote wawili. Madeni. Wasikilizaji wangu, watu wanakwenda mahakamani na orodha ya ng'ombe, viwanja, pikipiki, sofa, friji, wengine wanaorodhesha hadi sufuria. Safu ya madeni inaachwa wazi.

Je, kodi ni deni lililoingiwa kwa manufaa ya wote? Wakili wa upande wa pili atasema kodi haikopwi, inatozwa. Mimi nasema hivi. Kodi ya mapato ya duka lililowasomesha watoto wenu na kuwajengea nyumba ni ya wote, hata kama TIN ni ya mmoja, kwa sababu faida iliyotozwa kodi mliila pamoja. Adhabu ya kuuza saruji bila risiti, ambayo fedha yake ilikwenda kuanzisha nyumba ya pili Runzewe, si ya wote. Hiyo aibebe aliyeifanya. Hakimu anaweza kutofautisha mambo hayo mawili akiletewa karatasi. Asipoletewa, hawezi kuyabuni.

Hapa pana jambo linalowapotosha wengi. Hukumu ya mahakama ya ndoa inawafunga mume na mke. TRA hawakuwa wahusika katika shauri hilo. Hakimu anaweza kuandika kwamba mume ndiye atakayelipa deni lote la kodi la duka, na bado kesho yake TRA wakamfuata mama mwenye TIN, na wakawa na haki. Je, hukumu hiyo haina faida? Ina faida kubwa, ila iko upande mwingine. Inakupa kitu cha kumrudia mwenzako. Umelipa, una risiti ya malipo yenye namba ya kumbukumbu, una hukumu inayosema alipe yeye, basi unakwenda mahakamani kuomba kukazia hukumu. Na hapo kalenda inakuwa rafiki yako, kwa sababu Sheria ya Ukomo wa Muda kwa kawaida inatoa miaka 12 ya kuomba utekelezaji wa hukumu.

Deni lisipotajwa kwenye hukumu, huna cha kukazia. Unaanza upya, unarudi chini ya kile kifungu cha 114 ukiomba mgawanyo ambao haukufanyika, na mwenzako atasimama aseme jambo hili liliamuliwa zamani, mama alikuwa na nafasi, alinyamaza. Kama hukumu ndiyo kwanza imetoka na unaona imekosea, rufaa ya shauri la ndoa ina siku 45. Wengi wanazimaliza siku hizo wakiwa bado wanahamisha vitanda.

Sasa kalenda ya pili, ya TRA, ambayo ni kali zaidi. Ukipewa makadirio unayoyapinga, una siku 30 tangu siku uliyokabidhiwa kupeleka pingamizi kwa maandishi. Na pingamizi halipokelewi mikono mitupu: unatakiwa ulipe theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kile kiasi usichokibishia, chochote kilicho kikubwa, isipokuwa umeomba kwa maandishi upunguziwe au usamehewe sharti hilo na Kamishna akakubali. Sheria inaruhusu kuomba siku za nyongeza ukiwa na sababu, kama ugonjwa, kuwa nje ya nchi au sababu nyingine ya kueleweka. Ukishindwa kwenye pingamizi, kuna Bodi ya Rufani za Kodi, siku 45. Kila ngazi ina mlango, na kila mlango una siku yake ya kufungwa.

Linganisha na kinachotokea majumbani. Barua inafika dukani. Duka sasa ni saluni ya mtu mwingine. Kijana wa saluni anaiweka juu ya friji. Au ujumbe unakwenda kwenye namba ya simu iliyoandikwa siku TIN ilipochukuliwa, namba ambayo ilikuwa ya mume. Anausoma, anaufuta, kwa sababu jina si lake. Mama anakuja kujua siku anayokwenda kuomba leseni ya kibanda chake kipya cha nguo na mfumo unamkatalia. Siku 30 zimekwisha zamani. Hajapata hata nafasi ya kusema saruji ile haikupita mkononi mwake.

TRA nao wana kikomo chao, tuwe wa haki. Kurudi nyuma kurekebisha makadirio wana miaka mitano, na ndiyo maana na wewe unatakiwa kutunza kumbukumbu kwa miaka mitano. Lakini pakiwa na udanganyifu kikomo hicho hakimlindi mtu. Na yule bwana aliyeuza bila risiti alikuwa anafanya nini, kama si udanganyifu, tena kwa jina la mkewe?

Nimesema mara nyingi kwamba hatuna haja ya kuiga kila kitu cha ughaibuni, lakini katika hili nitawapeleka Marekani kidogo. Kule mume na mke hujaza ritani ya pamoja, na wakishaiweka sahihi kila mmoja anadaiwa deni lote, hata baada ya talaka. Waliona inaumiza, hasa wanawake waliosaini bila kusoma, na mwaka 1971, mwaka uleule wa Sheria yetu ya Ndoa, wakaweka kanuni ya kumwokoa mwenza asiye na hatia. Wakaipanua mwaka 1998. Kisha wakaiwekea saa: uombe ndani ya miaka miwili tangu hatua ya kwanza ya kukudai.

Ikatokea kesi ya mke wa daktari wa meno. Mume alifungwa kwa kuudanganya mfuko wa serikali wa matibabu, deni la kodi likamwangukia mke. Barua ya kudaiwa ilipofika, mume akamwambia atalishughulikia. Hakulishughulikia, akafa. Mke alipokuja kuomba mwenyewe miaka miwili ilikuwa imepita. Mwaka 2009 Mahakama ya Kodi ilimpa haki, mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ya Chicago ikaigeuza na kusema saa ni saa. Lakini mwaka 2011 mamlaka ya kodi yenyewe, IRS, ikaiondoa ile saa ya miaka miwili kwa wale wanaoomba kwa misingi ya haki na huruma. Wakaona kwamba mtu aliyefichwa deni hawezi kuhesabiwa siku sawa na mtu aliyelificha. Sasa anaweza kuomba muda wote ambao deni lenyewe bado linadaika.

Sisi hatuna kanuni ya namna hiyo, na sababu inayotolewa ni ileile niliyoanza nayo: kila mtu ana TIN yake, kwa hiyo hakuna wa kuokolewa. Sikubaliani nayo. Ingekuwa na nguvu kama kila mwenye TIN ndiye mwenye biashara. Huku Geita na Shinyanga, ambako leseni ya madini inaandikwa jina la shangazi, lori jina la shemeji na duka jina la mke, hoja hiyo inawaadhibu watiifu. Bunge linapitisha Sheria ya Fedha kila mwaka mwezi Juni. Wabunge wa majimbo ya dhahabu, ambao kila Bunge la bajeti wanasimama kuomba punguzo kwa wachimbaji, wangeweza kuomba na kifungu kimoja: mwenza wa zamani anayethibitisha kwamba biashara iliendeshwa na mwingine chini ya jina lake, siku zake za pingamizi zihesabiwe tangu alipojua, si tangu barua ilipowekwa juu ya friji ya saluni.

Na la pili: hakimu kabla hajagawa mali za wanandoa wenye biashara, aombe taarifa ya hali ya kodi ya kila mmoja. TRA hawawezi kumpa mke siri za kodi za mumewe kwa kuwa tu alikuwa mkewe, hilo nalielewa na ni sawa. Lakini mume anaweza kuchukua taarifa zake mwenyewe na kuzileta mezani, akiamriwa. Ng'ombe tunawahesabu zizini mmoja mmoja mbele ya wazee. Deni nalo lihesabiwe.

Kabla sijasahau, kuna haki moja ambayo iko tayari kwenye vitabu na karibu hakuna anayeitumia. Mali ikihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kwa kawaida sheria ya kodi inaona kama imeuzwa na inauliza faida. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inasema mali inapohamishwa kwenda kwa mwenza au mwenza wa zamani kama sehemu ya makubaliano ya talaka au ya kutengana kwa nia njema, mwenza anayepokea anaweza kuchagua, kwa maandishi, ihesabiwe imehama kwa gharama yake ileile, bila faida. Kwa maandishi, na anayechagua ni wewe unayepokea. Ukipewa ile gesti na usiandike, mnaweza kujikuta mnaulizwa kodi ya faida ya mauzo ambayo hayakufanyika. Lakini ujue na upande wa pili wa shilingi hiyo: siku utakapoiuza gesti kwa mtu baki, gharama itakayohesabiwa ni ile ya zamani, na faida yote tangu mlipojenga itakuwa juu yako. Mwambie hakimu hilo wakati anapima nani apate nini. Gesti ya milioni 80 yenye kodi ndani yake si sawa na milioni 80 taslimu.

Mtaniuliza, wale walioishi pamoja bila cheti, ndoa za machimboni? Sheria ya Ndoa inasema watu wakiishi miaka miwili na kujulikana kama mume na mke, inachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mwanamke anaweza kuomba mahakama impatie stahili zake. Kwa hiyo mama uliyemfuata mtu kutoka Rwamagasa hadi Kakola, kutoka rashi moja hadi nyingine, usijitoe kwenye mazungumzo haya kwa sababu hukuvaa shela.

Basi ombi langu ni hili, na linawahusu na kina baba, kwa sababu nimezungumzia mama wa Katoro lakini wapo wanaume ambao TIN zao zimebaki na biashara za wake zao wa zamani. Kama mmeachana au mko mbioni kuachana, wiki hii nenda ofisi ya TRA ya Geita, Kahama au Shinyanga na kitambulisho chako, uulize TIN yako inadaiwa nini, uombe taarifa hiyo iliyochapishwa, na ubadilishe namba ya simu iliyoko kwenye mfumo iwe yako. Biashara iliyokufa iandikie barua ya kuifunga na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ukikuta deni huwezi kulilipa kwa mkupuo, omba kulipa kwa awamu. Ukiona umeonewa na ofisi, ipo Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi. Halafu karatasi hizo zipeleke kwenye shauri lako la ndoa, umwombe hakimu alitaje deni hilo ndani ya hukumu, kiasi chake na nani wa kulilipa. Huna fedha ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na wako wilayani kwako, uliza ofisi ya ustawi wa jamii.

Na barua yoyote ya TRA ikikufikia, hata kama unaamini si yako, chukua kalamu uandike juu ya bahasha tarehe uliyoipokea. Kama ni makadirio, kuanzia tarehe hiyo una siku 30.